Chini ya Paa Hakuna Kilemba

Chini ya paa hakuna kilemba. Ndivyo nilivyowaambia jana mlipokuwa mkigombana nani awe nahodha wa timu yenu, nanyi mkacheka mkidhani babu ameanza kuzeeka vibaya. Leo mmerudi mnauliza maana yake. Maana sitawapa, mtaiokota wenyewe mkiitaka. Nitawapa chanzo chake. Methali hii ilianza hivi.

Hapo kale kulikuwa na kijiji kiitwacho Ndundwe, kando ya mto mkubwa wenye tabia mbaya. Mto huo haukujua kutulia. Mwaka huu unapita kule chini, mwaka ujao umekula ukingo na kubisha hodi jikoni kwa mtu. Hata hivyo watu wa Ndundwe hawakuhama, maana udongo ulioachwa na maji ulizaa mpunga ambao huwezi kuuona kwingine. Walichofanya ni kuhamisha nyumba zao.

Nyumba zilikuwa za msonge, mviringo, na ukuta wake haukuwa shida. Matope yalikuwa tele. Paa ndilo lililokuwa nyumba. Fito zake zilitoka msitu wa mbali, nyasi zake zilikatwa kiangazi tu, na kulisuka ilikuwa kazi ya msimu mzima. Kwa hiyo mto ukisogea, watu walijenga ukuta mpya juu mlimani, wakalifungua paa kutoka ukuta wa zamani, wakalifungia miti ya kubebea kwa ndani, kisha wakaingia chini yake na kulibeba zimazima mabegani. Nyasi ziliwafunika hadi magotini. Aliye nje aliona paa linatembea kwa miguu ya watu, na watoto walishindana kutambua mguu wa nani ni upi.

Walikuwa na mila moja nzito. Paa likianguka njiani, nyumba hiyo imekufa na haijengwi tena. Waliokaa ndani yake hutawanywa, kila mtu hurudi kwa jamaa zake wa damu. Mila hiyo waliirithi kwa wazee wao, na hakuna aliyethubutu kuichezea.

Aliyesimamia ubebaji aliitwa mwita paa, na kazi ya kuita ilikuwa ya ukoo wa waanzilishi wa kijiji. Wakati huo mwita paa alikuwa Jumbe Ngwele. Alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye kilemba cheupe ambacho mkewe alimfungia kila asubuhi kabla hajatoka nje. Na sauti yake jamani! Akimwita mbuzi wake, mbuzi wa kijiji cha pili huinua vichwa. Paa likibebwa, yeye hutangulia mbele, akirudi kinyumenyume, fimbo mkononi, uso umewaelekea wabebaji. "Inueni! Songeni! Kazeni!" Hakusema jambo mara mbili. Lakini msije mkamchukia bure. Alikuwa mkarimu, mlangoni kwake hapakupita mwenye njaa. Ila kwake yeye, na kwa Ndundwe nzima, kiongozi alikuwa na sura inayojulikana: awe mwanamume, awe mzaliwa, awe na kilemba, na neno lake lishuke kama nyundo.

Zawena hakuwa na hata kimoja katika hivyo.

Zawena alikuwa mwanamke wa ng'ambo ya mto, aliyeolewa Ndundwe na kijana mmoja mvuvi. Mumewe alikufa kwa homa, akamwacha na mama mkwe, Bi Mwanjaa. Watu walitazamia mjane huyo atafunga mzigo arudi kwao. Hakurudi. Yeye na Bi Mwanjaa walikuwa wamezoeana kama chungu na kifuniko. Mmoja akikohoa usingizini, mwingine huamka. Bi Mwanjaa hakuwa na mtoto mwingine. Alikuwa na mpwa tu, upande wa pili wa kijiji, ambaye mkewe alimpenda mzee huyo akiwa mbali.

Huko ng'ambo watu wana namna yao ya kusema. Hawaamrishi. Mtu akitaka umpishe njiani hasemi "pisha", husema, "Eti ndugu yangu, hapa tutapita wawili?" Zawena alikuja na ulimi huo, na Ndundwe wakamcheka hadi wakambandika jina: Bi Eti. Walisema huyu hajui kitu, hata chumvi ya mchuzi wake mwenyewe anauliza. Lakini msimu wa palizi ukifika, wanawake walipenda kulima karibu naye. Atauliza, "Eti, tukianzia huku kwenye kivuli, jua likifika huku halitatukuta tumemaliza?" Wanawake watatazamana, watasema naam, wataanzia kivulini. Jioni shamba limekwisha na hakuna aliyechoka sana. Ukiwauliza nani kawaongoza leo, wangekujibu, "Hakuna, tumelima tu."

Basi masika moja mto ukafanya yake. Asubuhi Zawena alipokwenda kuteka maji, alikuta ardhi nyuma ya jiko imepasuka ufa wa kupitisha mkono. Ufa ule ulikuwa umeanza kwao na kuelekea nyumbani kwa Jumbe mwenyewe. Ukuta mpya wa Bi Mwanjaa ulikuwa tayari huko juu. Wa Jumbe ulikuwa bado mbichi. Ikaamuliwa paa la Bi Mwanjaa litangulie, na lichukuliwe mara moja, kabla mto haujalichukua wenyewe.

Tatizo likawa mabega. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda dago, kwenye kambi za uvuvi huko mabwawani. Waliobaki hawakutosha. Jumbe akatazama huku na huku, akapiga fimbo chini.

"Wanawake wenye nguvu waingie wabebe pia. Mimi nitaita."

Hilo halijapata kutokea, lakini neno la Jumbe ni neno. Wanawake wakakaza kanga zao viunoni. Zawena naye akajiandaa, ila kabla ya kuingia alisogea mbele ya Jumbe, akapiga goti kidogo kwa heshima.

"Shikamoo Jumbe."

"Marahaba, mkamwana."

"Eti Jumbe, walio ndani watakusikia?"

Jumbe alimtazama kana kwamba kaulizwa kama samaki anajua maji. "Mimi? Nisisikike mimi?"

"Njia ya huko juu ni ndefu, na nyasi za paa letu ni nzito. Ndiyo nikawaza..."

"Sasa wewe mkamwana, unauliza au unasema?" Jumbe alisema kwa ule ukelele wake, na watu wakaanza kutabasamu. "Ukiwa unasema, sema tukusikie. Ukiwa unauliza, kawaulize watoto wenzio!"

Watu wakaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Mtupa, jitu la mabega mapana, mpenda mzaha ambaye hajapata kuuacha mzaha upite bila kuupokea. Zawena aliinama, uso ukimwaka kwa aibu, akaingia chini ya paa pamoja na wengine.

Ndani mlikuwa na giza. Vumbi la nyasi liliingia machoni, masizi yakawadondokea shingoni. Zawena aliyajua masizi yale. Yalikuwa ya moto wa Bi Mwanjaa, wa miaka yote ya uji na kambale na usiku wa baridi. Na mengine yalipandishwa na moto aliouwasha mumewe alipokuwa hai. Alihisi machozi yakimjaa. Akaweka bega kwenye mti, akasema moyoni, leo paa hili likianguka, mama atapelekwa kwa yule mke wa mpwa na mimi nitavushwa mto.

"Inueni!" Jumbe alinguruma nje. Hilo walilisikia, maana walikuwa wanalisubiri. Paa likapanda. Wakaanza kwenda.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Njia ilikuwa kavu na imenyooka. Jumbe alirudi kinyumenyume mbele yao, fimbo ikipanda na kushuka, na watu waliojipanga njiani kutazama wakasema hakuna kama Jumbe Ngwele. Lakini mbele kidogo njia ilifika kwenye kichuguu kikubwa na kugawanyika. Ya chini yake ilikuwa fupi, nayo ndiyo iliyozoeleka. Ya juu ilizunguka kupitia majanini. Mvua ya usiku ilikuwa imeshuka yote kwenye ile ya chini.

"Chini! Chini ya kichuguu! Songeni!" Jumbe aliita.

Huko ndani haikufika "chini" wala "songeni". Ilifika ngurumo tu. Maneno yalibaki kwenye nyasi. Walio mbele, miguu yao ikianza kuzama, wakasita. Walio nyuma, wakidhani wamehimizwa, wakasukuma. Walio upande wa juu wakavuta kwao. Paa likayumba. Mti mmoja ulilia kwaa, na fito mahali fulani ikakatika. Mtu alitukana. Mwingine akapiga kelele, "Jumbe kasemaje?" Nje Jumbe aliona paa limekwama, akafanya alichokijua: akaongeza sauti. Ngurumo ikawa kubwa zaidi, na fujo nayo ikazidi.

Zawena alihisi mti unamteleza begani. Hakuna aliyemwona, naye hakumwona mtu. Labda ndiyo maana hakuogopa kuchekwa.

"Eti nyie wa mbele," alisema kwa sauti yake ile ile ya shambani, "mnakanyaga nini?"

 Kisha mwanamke mmoja mtu mzima, Binti Mketo, akajibu kutoka mbele, "Tope. Linafika kwenye vifundo, na mbele ni zaidi."

"Nyie wa upande wa juu je?"

"Huku majani," sauti nyingine ikajibu. "Pakavu."

"Nani bega limemwisha nguvu?"

Hapo hakuna aliyejibu. Mwanamume wa Ndundwe afadhali azimie kuliko kusema amechoka.

"Langu mimi limekwisha," Zawena alisema. "Eti niko peke yangu?"

"Langu pia," likaja jibu la sauti nzito, ya kuona haya. Alikuwa Mtupa.

"Na langu!" "Na langu, wallahi!" Sauti zikatoka kila pembe, na katikati ya dhiki ile watu wakacheka, na walipocheka wakaacha kuvutana.

"Eti tukilishusha hapa, tutaliinua tena?"

"Hapana! Tope litalimeza."

"Basi tukihamishia bega la pili, wa mbele kwanza, wa nyuma wakishikilia, tutaweza?"

"Tutaweza."

"Wa mbele, mko tayari?"

"Tayari!"

Wakahama wa mbele. Zawena akauliza wa nyuma, nao wakahama. Mti ukatulia.

"Haya, twende wapi?"

"Juu!" walisema wote kwa pamoja, kana kwamba swali lenyewe lilikuwa na jibu tumboni.

Walio nje waliona kioja. Paa lililokuwa likitapatapa likatulia, likageuka taratibu, likaanza kupanda majanini kwa miguu inayokwenda pamoja, huku Jumbe bado anaita, "Chini! Chini!" Alikuwa amekwisha kurudi kinyumenyume hadi topeni. Alipoona paa linamwacha, ilimbidi akusanye kanzu, ashike kilemba kwa mkono mmoja, azunguke kichuguu mbio ili awe mbele tena. Alifika akihema, akaendelea kuita. Paa likaenda, likafika, likakaa juu ya ukuta mpya kama kofia kichwani mwa mwenyewe.

Bi Mwanjaa alikuwa ameketi hapo akisubiri. Zawena alipotoka chini ya nyasi, mweusi kwa masizi, mzee alimkumbatia, akalia bila kuficha. "Nyumba imeishi, mwanangu," alisema. "Nyumba imeishi."

Wakapika wali na kambale. Watu wakala, na kama ada, wakamsifu mwita paa. Huyu alisema, "Sauti ile ndiyo iliyotuinua." Yule akasema, "Ukoo wa Ngwele bwana, hata tope linawajua." Walimvika vilemba vya ukoka juu ya kile cha nguo. Jumbe alisikiliza kwa muda, lakini hakula. Jumbe alikuwa na kiburi, uongo hakuwa nao. Akainua mkono.

"Nyamazeni kwanza. Mimi nilisema chini ya kichuguu. Nyie mmepita juu. Nimekwenda kulitazama lile tope. Fimbo yangu imezama nusu. Mngenitii, nyumba ya huyu mama ingekuwa imekufa. Nani aliwaambia mpite juu?"

Watu wakaangalia sahani zao.

"Mtupa, ni wewe?"

"Mimi nilisema tu bega limeniisha, Jumbe, na hilo nisingependa lienee."

"Sasa nani? Hamkumwona?"

"Jumbe, wewe hujapata kuingia mle," Mtupa alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Mle unaona kisigino cha mwenzako basi. Mkubwa na mdogo, mzaliwa na mgeni, wote weusi kwa masizi. Chini ya paa hakuna kilemba. Kuna mtu alituuliza, tukamjibu, tukajikuta tumefika."

"Aliwauliza? Hakuwaamuru?"

"Aliuliza tu."

Ubishi ukazuka. Mmoja akasema ilikuwa sauti ya Binti Mketo, kwa kuwa ndiye mtu mzima. Mwingine akadai ni ya mjukuu wa mwanzilishi fulani, kwa kuwa damu haipotei. Ndipo Binti Mketo alipoweka tonge chini.

"Mimi sikuiona sura," alisema polepole. "Ila kila alipouliza, alianza na 'eti'."

Vichwa vyote vikageuka. Zawena alikuwa amesimama mlangoni na upawa wa wali mkononi. Alitamani ardhi ipasuke, na kwa Ndundwe hilo si jambo la kuliomba ovyo. Akaona uso wa Mtupa ukibadilika, na nyuso za wote waliocheka asubuhi. Wengine waliona haya. Wengine walikuwa wanamtazama tu, kama mtu aliyekaa na kitu nyumbani siku zote bila kujua ni cha nini.

Jumbe akamgeukia. "Mkamwana, asubuhi uliponijia. Ulikuwa unauliza au unasema?"

"Nilikuwa nauliza, Jumbe." Akaushusha upawa. "Kwetu, ukimwuliza mtu ndiyo umemheshimu. Umemwachia nafasi ya kujibu."

 Jumbe akanawa mikono, akachukua fimbo yake, akaenda zake. Zawena alikaa siku zile zilizofuata akidhani amemvunjia heshima mkubwa wa kijiji mbele ya watu. Bi Mwanjaa alimwambia, "Mwache. Mtu aliyezoea kusema, ukimpa swali, hulitafuna kwanza."

Ukuta wa Jumbe ulipokauka, ufa ulikuwa umefika mlangoni kwake. Watu wakakusanyika kubeba paa lake, wanaume na wanawake, hakuna aliyeuliza tena kuhusu hilo. Paa la Jumbe lilikuwa kubwa kuliko yote Ndundwe. Mwenyewe akatoka ndani na kilemba chake cheupe, akasimama mbele. Akakohoa. Wote wakasubiri nyundo ishuke.

Jumbe akainua mikono, akafungua kilemba.

Hakuna mtu wa Ndundwe, isipokuwa mkewe, aliyepata kukiona kichwa kile. Kilikuwa kipara, kinang'aa, na kina kovu la utotoni. Akina mama waliwafinya watoto wao wasicheke. Jumbe akatazama huku na huku, akamwona Bi Mwanjaa, akampa kilemba amshikie. Kisha akainama, kwa taabu, maana mgongo wake haukuzoea, akaingia chini ya paa na kutafuta mahali pa bega.

Huko gizani akaliweka bega kwenye mti. Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kama anayo, "Zawena, mwanangu, uko wapi?"

"Nipo hapa, Jumbe."

"Uliza."

Zawena akakaza bega chini ya mti. 

"Eti Jumbe, bega lako liko tayari?"

Maisha yake yote hakuna aliyekuwa amemwuliza Jumbe Ngwele swali la namna hiyo. Alifikiri. "Sijui," alisema. "Ndiyo kwanza linabeba."

Paa zima likacheka, na likicheka likainuka.

Waliokuwa nje wanasimulia kwamba Bi Mwanjaa, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na mkongojo na mwingine umechoka, alikiweka kile kilemba kichwani kujikinga na jua, akatangulia mbele ya paa polepole, bila kusema neno. Mtoto mmoja akamkuta njiani, akaona kilemba, akainama. "Shikamoo Jumbe."

"Marahaba," akajibu Bi Mwanjaa, akaendelea na safari.

Na nyuma yake paa likaja, kubwa, zito, halijayumba. Ndani yake zilisikika sauti za watu wakijibizana, na hakuna aliyekuwa nje aliyeweza kujua ni miguu ipi ya Jumbe na ipi ya Bi Eti.

Haya, nendeni sasa mkamchague nahodha wenu. Siwaambii ni nani. Ila kabla hamjaanza kutazamana, nani mrefu, nani wa ukoo gani, nani mwenye viatu vipya, fumbeni macho kidogo, mkumbuke mpira ukiwa mgumu huwa mnamjibu nani. Chini ya paa hakuna kilemba.